Gari Lililoshiba

Kathini alihakikisha kwanza kwamba yuko peke yake. Mumewe, Mwalimu Mulinge, alikuwa bado shuleni akifundisha hesabu. Mama mkwe wake, Syokau, alikuwa ameenda kanisani kwa maombi ya akina mama. Waliobaki ni kuku, na kuku hawana mdomo wa kusema. Akafungua boneti ya lile gari lao dogo jekundu, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa aproni, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imelowesha ncha tu, chini kabisa ya alama ya kwanza.

"Nilijua," akajiambia kwa uchungu. "Nilijua hataweka."

Akatoa chupa ya oili aliyokuwa ameificha ndani ya gunia la unga wa ngano, akaimimina yote mpaka tone la mwisho. Kisha akafunga boneti polepole, kwa makalio, ili isilie.

Katika nyumba hiyo neno oili lilikuwa halitamkwi. Mwaka uliotangulia, injini ya kwanza ya gari hilo ilikufa kwa kukauka oili, tena ikafia mbele ya soko la Kabati, siku ya soko, watu wakitazama. Mulinge alisema alidhani Kathini ameangalia. Kathini alisema alidhani mambo ya injini ni ya mwenye ndevu. Ng'ombe wa Syokau akauzwa, injini nyingine ikanunuliwa, na ugomvi ukafunikwa ukiwa bado moto. Tangu siku hiyo mtu angeweza kutaja siasa mezani, au hata madeni, lakini si oili. Mafuta ya kupikia yenyewe Kathini aliyaagiza dukani kwa sauti ya chini kama mumewe yuko karibu.

Na Jumamosi ya wiki hiyo gari halikuwa na ruhusa ya kukosea. Kathini alikuwa anaoka keki za harusi, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameitwa nje ya Kitui, kule Kikima, milimani Mbooni. Bibi harusi alikuwa binti wa Mzee Nyamai. Mkewe Nyamai, Kavindu, alikuwa ameonja keki ya Kathini kwenye harusi moja mjini Kitui, akasema huyo ndiye anayemtaka. Wenzake wa kanisa walimcheka. "Keki itoke Kabati? Na Machakos kuna maduka ya keki yenye vioo?" Kavindu aliwajibu kwamba wataonja wenyewe. Kwa hiyo keki ile haikuwa keki tu. Ilikuwa jina la wanawake wawili.

Jumamosi asubuhi walipakia. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu, nyeupe, kila ghorofa ndani ya boksi lake lililofungwa kwa nailoni. Ghorofa mbili za chini zilikaa kiti cha nyuma pamoja na Kathini, ambaye alizikumbatia kwa mikono yote miwili. Ile ndogo ya juu ilikabidhiwa Syokau, aliyekaa mbele akiwa na kilemba chake cha kwaya.

"Mwaitu, usiikaze," Kathini alimwambia mama mkwe. "Ishike kama mtoto mchanga."

"Nimelea saba," Syokau akajibu bila kugeuka.

Mulinge aliwasha gari. Liliitikia kwa sauti nzito kidogo, kama mtu aliyeamshwa baada ya kula sana. Kathini alimtazama mumewe kwenye kioo. Mulinge alikuwa anatazama mbele, mbele sana.

Mpaka Wamunyu mambo yalikuwa sawa. Walipopita Masii, Kathini alisikia harufu. Haikuwa ya petroli wala ya breki. Ilikuwa kama ya sufuria ya mandazi iliyosahauliwa jikoni. Akataka kusema, lakini angeanzaje? Angemuuliza mumewe, "Baba Mwende, kwani oili..." na hapo vita vya mwaka jana vingerudi vyote, ndani ya gari, katikati ya keki.

Akafungua dirisha kidogo.

Mulinge naye akaongeza sauti ya redio. Syokau, bila kuombwa, akaanza wimbo wa kusifu, tena ule wa kwenye hatari. Kathini aliona ajabu. Hakuna hata mmoja aliyetaja harufu, na harufu yenyewe ilikuwa sasa imeketi nao kama abiria wa nne.

Walipita Tawa wakaanza kupanda mlima. Pale barabara inapojikunja na kujikunja, gari likaanza kukohoa. Mwendesha bodaboda aliyekuwa nyuma yao alikuja mbio akawa sambamba na dirisha la Mulinge, macho yamemtoka.

"Mwalimu! Mwalimu! Hii gari inaungua!"

"Umejuaje mimi ni mwalimu?" Mulinge akauliza.

"Simama, mzee! Angalia nyuma!"

Kathini aligeuka. Hakuona barabara. Hakuona mlima. Aliona wingu la moshi wa bluu, zito, likijaza kona yote waliyotoka, na ndani ya wingu hilo honi za magari zilikuwa zinalia kama ng'ombe waliopotea.

Mulinge alisimamisha gari kando, mbele ya boma moja lenye ua wa miti. Wote wakaruka nje, Syokau na boksi lake kifuani. Kabla Kathini hajafikiri la kufanya, mama mmoja mnene alitokea mbio getini, jina lake Kaveke, na nyuma yake majirani watatu. Kila mmoja alikuwa na beseni la mchanga.

"Ondokeni!" Kaveke akapaza sauti. "Tunamwaga!"

Kathini alijitupa mlangoni mwa gari, akatandaza mikono.

"Mchanga hapana! Kuna keki!"

"Mama, maisha ama keki?"

"Keki!"

Kaveke alisimama, beseni begani, akamwangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. Lakini Mulinge alikuwa amekwisha kuzima injini, na moshi ulianza kupungua. Hapakuwa na moto. Palikuwa na harufu mbaya, na lile gari dogo likitoa mvuke taratibu, na watu wanaozidi kukusanyika. Mtu mmoja alisema magari madogo ndivyo yalivyo. Mwingine akasema hapana, ni dereva. Mulinge alisikia, akavuta tai yake ya harusi kama inayomnyonga.

Ndipo akatangaza kwa sauti ya darasani, ili wote wajue kuna anayejua: "Si jambo kubwa. Oili imeisha."

Neno lilikuwa limetoka. Syokau aliacha kuimba.

Mulinge alikwenda nyuma, akafungua buti, akainua gurudumu la akiba, na chini yake akatoa chupa ya oili iliyofunikwa kwa gazeti. Ilikuwa imejaa, mpya. Kathini aliitazama chupa hiyo, akamtazama mumewe. Kumbe naye alikuwa na maficho. Mulinge alifungua boneti, akashika kifuniko cha injini kwa kitambaa, akakizungusha.

Kathini alijua kwamba akinyamaza, chupa hiyo nayo itaingia, na injini ya pili itaifuata ya kwanza. Alijua pia kwamba akisema, atasemea mbele ya Kaveke, majirani, mwendesha bodaboda na mama mkwe. Akatazama maboksi yake meupe.

"Baba Mwende, ngoja. Usiweke."

"Niache nifanye kazi."

"Usiweke. Haijaisha. Mimi niliweka."

Mulinge aliganda, chupa mkononi. "Uliweka lini?"

"Alhamisi. Ukiwa shule. Niliangalia kwa kijiti nikaona iko chini."

"Chupa nzima?"

"Nzima."

Mulinge aliweka chupa chini polepole. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. "Haiwezi kuwa ilikuwa chini," akasema, na sauti ya darasani haikuwepo tena. "Mimi mwenyewe niliweka Jumatano. Nilipima, nikaona iko chini, nikaweka moja nzima."

"Jumatano? Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Wakatazamana. Kaveke alitua beseni lake chini ili asikie vizuri. Ndipo Syokau alipokohoa, akarekebisha boksi kifuani, akasema kwa upole mkubwa, "Mimi yangu ilikuwa jana."

"Yako nini, Mwaitu?" Mulinge akauliza, ingawa alikuwa amekwisha kuelewa.

"Oili. Nilinunua pale kwa duka la spea. Nikaiombea kwanza, ndio nikaweka."

"Ulijuaje pa kuweka?" Kathini akauliza.

"Si nilikuona wewe Alhamisi? Maombi yaliisha mapema, nikakuona nikiwa kwa ua. Nikasema, huyu msichana naye, gari kubwa hivi, chupa ndogo hivi, itatosha wapi? Ng'ombe wangu hawezi kufa mara mbili."

Aliyecheka kwanza ni Kaveke. Alicheka mpaka akaketi juu ya mchanga wake. Majirani wakafuata, na mwendesha bodaboda akalazimika kushika pikipiki isianguke. "Yaani mmeilisha mpaka ikatapika!" akasema.

Mulinge hakucheka. Alichomoa kijiti, akakipangusa kwa gazeti, akakirudisha na kukichomoa. Oili ilikuwa imepita alama ya kwanza, ikapita ya pili, ikaendelea kupanda, na ilikuwa na povu kama maziwa yaliyochemka.

"Lakini ilikuwa chini," Kathini akasema. "Niliona kwa macho yangu."

Mulinge alikitazama kijiti tena. Kisha akajipiga paji la uso. "Nyumbani gari linasimama kwa mteremko. Limeinua pua. Oili yote inakimbilia upande mmoja, kijiti kinagusa mabaki. Miaka hii yote ninafundisha watoto kwamba kitu cha majimaji hupimwa mahali tambarare. Miaka hii yote!"

Alikaa juu ya jiwe, tai imemlegea. Kathini alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa hata na maneno tayari, ya mwaka jana na mapya. Lakini kumwona mumewe juu ya lile jiwe, na shati lililopigwa pasi kwa ajili ya harusi likiwa na doa la oili kifuani, kulimtoa maneno hayo mdomoni.

"Kwa nini ulificha chupa?" akauliza, kwa sauti ambayo majirani hawangesikia.

"Nikikuonyesha ninaweka, ungesema siku zote siweki mpaka nionwe. Nisipoweka, ungesema la mwaka jana. Nikaona niweke tu kimya, gari lisife tena nikiwa mimi dereva." Akamgeukia. "Na wewe?"

"Niliogopa kuuliza. Nikiuliza ni kama nakushtaki."

"Na mimi niliogopa nyinyi wote wawili," Syokau akasema kutoka kando, maana masikio yake yalikuwa mazima.

Simu ya Kathini ikalia. Alikuwa Kavindu. "Mama keki, mko wapi? Ibada imeanza!"

"Tuko karibu, mama. Tuko hapa tu kwa kona."

Hakusema ni kona gani.

Walisukuma gari mpaka kwenye uwanja wa Kaveke wa kuanikia mahindi, mahali palipo sawa kama sakafu. Mulinge alitaka kulala chini afungue nati ya kumwagia oili, lakini hakuwa na spana yake, na shati lile lilikuwa limekwisha kuumia. Kathini ndiye aliyeona, ukutani kwa Kaveke, bomba kubwa la sindano la kunyweshea mbuzi dawa ya minyoo.

"Mama, hilo bomba linavuta vizuri?"

"Linavuta na kusukuma. Mbuzi wanalijua."

"Na kipande cha mpira mwembamba, ule wa kumwagilia mboga?"

Kaveke alikata kipande kutoka shambani mwake bila kuuliza. Wakakichomeka kwenye bomba, wakakiteremsha kwenye tundu la kijiti mpaka chini. Mulinge alijaribu kwanza, akavuta kwa nguvu, mpira ukachomoka, oili ikamrukia usoni. Kathini akamnyang'anya bomba. Mkono wake ulikuwa umezoea kukamua aisingi ya kupambia keki, maua madogomadogo, saa nzima bila kutetemeka. Alivuta taratibu, akamwaga ndani ya mtungi, akavuta tena. Mulinge alishika mtungi. Syokau alihesabu kwa Kikamba, akapotea, akaanza upya, akapotea tena, akaamua kuomba badala yake. Kila baada ya muda walisubiri oili itulie, wakapima, wakaendelea. Kaveke alitoa chai. Mwendesha bodaboda alikataa kuondoka kabla ya kuona mwisho.

Mwishowe kijiti kilitoka na oili katikati ya alama mbili. Kathini alitaka kuongeza tone moja la kuwa na uhakika, mkono wake ukaenda kwenye chupa wenyewe. Mulinge aliona. Akainua tu nyusi. Kathini akaurudisha mkono.

"Hiyo iliyobaki ndani ya mtungi ni ya nani?" Kaveke akauliza.

"Ni yako, mama. Paka mlango wa zizi, mchwa hawatausogelea."

Gari liliwaka. Lilitoa moshi mara mbili tatu, wa kumalizia kinyongo, kisha moshi ukapungua, na likapanda mlima wa Kikima likiwa na sauti nyepesi ambayo Kathini hakuwa ameisikia tangu mwanzo wa wiki.

Walifika maharusi wakiwa wanatoka kanisani. Hema lilikuwa limejaa, na meza ya keki, yenye kitambaa cha dhahabu, ilikuwa tupu katikati ya macho ya watu. Kathini alifungua boksi la kwanza, akanyoosha mikono, akasimama. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Alikuwa ameinawa kwa sabuni kwa Kaveke, akaisugua kwa majivu na kwa mchanga uleule wa kuzimia moto, lakini oili ilikuwa imeingia kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha, na haikuwa na nia ya kutoka. Kidole kimoja tu juu ya ile aisingi nyeupe na Machakos nzima ingecheka.

"Baba Mwende," akanong'ona. "Wewe ulivuta mara moja tu, kisha ukashika mtungi. Nionyeshe mikono."

Mulinge alionyesha. Ilikuwa safi.

"Utapanga wewe."

"Mimi?"

"Na utakamua maua ya kuzunguka. Mimi nitakuambia."

Na kwa hivyo, mbele ya hema zima, Mwalimu Mulinge, mwenye doa kubwa kifuani na tone la oili lililosahauliwa kwenye sikio, alipandisha keki ghorofa juu ya ghorofa, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Kathini alisimama nyuma yake mikono ikiwa imefichwa ndani ya leso, akimwelekeza kwa pua. "Kushoto. Kushoto kwako. Sasa kamua. Polepole. Achilia. Hapo, songa mbele." Ua la kwanza lilikuwa kama kabichi. La pili lilikuwa kama kabichi ndogo. Kufikia la tano, mtu mwenye moyo mwema angeweza kuliita waridi.

Kavindu alikuja kwa hatua fupi za viatu virefu, wenzake wa kanisa nyuma yake. Akainama juu ya keki, akanusa. Uso ukamkunjana.

"Mbona ninasikia harufu ya gereji?"

Wenzake wakatazamana. Kathini alihisi jina lake likiondoka mjini Kikima na miguu yake yenyewe.

"Si keki, mama," akasema upesi. "Ni mume wangu."

Kavindu alimsogelea Mulinge, akamnusa bega, akarudi kwenye keki, akainusa tena kwa makini. "Kweli," akasema kwa faraja kubwa. "Ni bwana." Na alipopewa kipande cha pembeni aonje, alifumba macho, kisha akawageukia wenzake, akawagawia kila mmoja kipande. Walikula. Mmoja wao, yule aliyekuwa ametaja maduka ya vioo, aliuliza kwa sauti ya kawaida sana kama Kathini huoka pia keki za ubatizo. Kuhusu maua, alisema yanapendeza, ni mtindo ambao yeye hajauona bado.

"Ni wa Kabati," Mulinge akamwambia.

Jioni, kabla ya kuondoka, Mulinge alilipeleka gari kwenye uwanja wa kanisa, akatafuta mahali palipo sawa kabisa, akaliacha lipoe. Kisha akafungua boneti na kuwaita wanawake wake wawili.

"Njooni muone kwa macho yenu. Sitaki mtu aamke kesho na chupa."

Alipangusa kijiti, akakirudisha, akakichomoa. Wote watatu wakainama. Kathini aliangalia, akaomba kipanguswe tena, akaangalia mara ya pili. Syokau, ambaye alikuwa amesahau miwani nyumbani, alitaka kisogezwe karibu, kisha mbali, kisha karibu tena. Wakabaki hivyo, vichwa chini, bila kusema, kwa muda mrefu.

Mzee Nyamai, baba wa bibi harusi, alikuwa anakuja kuwaaga. Aliona vichwa vitatu vimeinama juu ya gari, akakumbuka kwamba njia ya kuteremka Mbooni ni ndefu na ina kona mbaya. Akasimama hatua chache nyuma yao. Akavua kofia, akafumba macho, akasubiri kwa heshima.

"Imetosha," Syokau akasema hatimaye, kwa sauti ya kwaya. "Na tusiongeze tena."

"Amina!" Mzee Nyamai akaitikia kwa nguvu zote.

Kathini aliruka nusura agonge boneti kwa kichwa. Akamtazama mumewe. Mulinge alimtazama yeye, midomo ikitetemeka kwa kicheko alichokuwa amekizuia tangu kwa Kaveke.

"Amina, mzee," akajibu, akafunga boneti.